Abu Kamil: Mmisri aliyefumbua hesabu za kuku na bata

ZAIDI ya miaka 1,100 iliyopita, katika nchi ya Misri, aliishi mwanahisabati mmoja aliyeandika kitabu kizima kuhusu jambo ambalo wengi hulidharau: namna ya kununua kuku, bata na njiwa sokoni bila pesa kubaki wala kupungua.

Jina lake lilikuwa Abu Kamil Shuja ibn Aslam. Watu walimwita al-Hasib al-Misri, yaani mjuzi wa hesabu kutoka Misri. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, kwani neno hasib na neno letu hesabu ni ndugu wa asili moja. Hata Kamil ni ndugu wa kamili, sadfa inayopendeza kwa sababu ni nambari kamili, zile zisizokatwa vipande, zilizomletea umaarufu unaodumu hadi leo.

Kitabu chake cha ndege kilibeba ujumbe ambao ungali mgeni katika madarasa mengi. Ujumbe wenyewe ni kwamba swali la hesabu halina deni la kumpa mtu jibu moja. Laweza kuwa na jibu moja, laweza kuwa na majibu sita, laweza kuwa na maelfu, na laweza kukosa kabisa. Kazi ya mtaalamu ni kuyatafuta yote, au kuthibitisha kuwa hakuna hata moja.

Anayetaka kuelewa uzito wa jambo hilo na alitazame soko la Chwele, katika eneobunge la Kabuchai, Kaunti ya Bungoma. Soko hilo lililo upande wa Mlima Elgon ni miongoni mwa masoko makubwa ya magharibi mwa Kenya, na kuku ni bidhaa yenye heshima katika eneo hilo, ambako mgeni huchinjiwa kuku ndipo ajue kwamba amekaribishwa.

Tuseme mchuuzi kutoka Kitale amefika Chwele akiwa na Sh20,000. Matundu yake yanabeba kuku 50, naye hataki nafasi ibaki wala apitishe idadi hiyo. Kwa bei za mfano, jogoo ni Sh1,000, tembe ni Sh600 na kifaranga ni Sh100. Mchuuzi huyo anataka kila aina iwemo, na pesa zote ziishe. Je, anunue majogoo wangapi, tembe wangapi na vifaranga wangapi?

Swali hili laonekana jepesi, lakini lina mtego. Kuna vitu vitatu visivyojulikana, ilhali taarifa ni mbili tu: idadi ya kuku na jumla ya pesa. Mwanafunzi aliyezoea kanuni za kawaida za aljebra atasema taarifa hazitoshi. Abu Kamil angesema zinatosha, kwa kuwa kuna taarifa ya tatu iliyofichika: hakuna auzaye robo tatu ya jogoo aliye hai.

Misri ya zama zake

Abu Kamil anakadiriwa kuzaliwa karibu na mwaka 850 na kufariki karibu na mwaka 930. Maisha yake yalipita katika kipindi cha misukosuko ya kisiasa.

Mnamo 868, akiwa angali kijana, Ahmad ibn Tulun aliwasili Misri kuitawala kwa niaba ya Makhalifa wa Abbasi waliokuwa na makao nchini Iraq. Muda si muda, Ibn Tulun aliigeuza Misri kuwa nchi iliyojiendeshea mambo yake. Alijenga mji mpya karibu na Fustat, pamoja na msikiti uliokamilika mwaka 879 ambao ungali umesimama jijini Cairo. Cairo yenyewe haikuwa imezaliwa. Ilianzishwa mwaka 969, Abu Kamil akiwa kaburini kitambo.

Ukoo wa Ibn Tulun ulianguka mwaka 905, majeshi ya Abbasi yaliporudi kuitwaa nchi. Hivyo basi Abu Kamil aliuona utawala ukichipuka na akauona ukinyauka.

Hesabu hazikuwa anasa katika nchi kama hiyo. Mto Nile ulifurika kila mwaka, mashamba yakahitaji kupimwa na ushuru kukadiriwa. Wafanyabiashara walibadilishana dinari za dhahabu na dirhamu za fedha. Waliofiwa waligawana mali kwa mafungu yaliyowekwa na sheria ya Kiislamu, na mafungu hayo yalihitaji mtu anayejua kuzijumlisha na kuzitoa sehemu bila kumdhulumu mjane wala yatima. Abu Kamil aliandika kuhusu upimaji wa ardhi na pia kuhusu hesabu za wasia na mirathi.

Mwanafunzi wa kitabu cha al-Khwarizmi

Msingi aliojengea ulikuwa umewekwa Baghdad. Katika enzi ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kilichoipa dunia neno aljebra. Al-Jabr, neno la Kiarabu lililozaa jina hilo, lilimaanisha kurejesha kilichopungua, kama vile mganga anavyounga mfupa uliovunjika.

Al-Khwarizmi alikusudia kitabu kitakachowafaa watu katika biashara, mirathi, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Abu Kamil alikipenda kitabu hicho, akakifafanua, kisha akakivuka. Katika kitabu chake mwenyewe cha aljebra alieleza maswali 69, mengi kuliko ya mtangulizi wake, na akayaambatanisha na uthibitisho wa kijiometri kwa kufuata njia ya Euclid.

Alithubutu kwenda mahali ambapo wengi walisita. Alitumia vipeo hadi cha nane. Alikubali jibu liwe kipeuo cha pili cha nambari kama 2 au 5, ambacho hakiwezi kuandikwa kama sehemu ya nambari mbili kamili, na akavijumlisha na kuvizidisha vipeuo hivyo pasipo woga. Aliitumia aljebra kukokotoa pande za maumbo ya pembe tano na pembe kumi, kazi iliyokuwa imeachiwa wanajiometri.

Yote hayo aliyaandika kwa maneno matupu. Alama za x na y zilikuwa bado karne nyingi mbele. Kisichojulikana kiliitwa kitu, na palipokuwa na visivyojulikana viwili au vitatu, alikopa majina ya sarafu, kama vile dinari, ili asivichanganye. Mstari mmoja ambao mwanafunzi wa leo huuandika kwa sekunde chache, yeye aliuandika kwa aya nzima.

Jambo moja kuhusu tabia yake lafaa kukumbukwa. Palizuka mtu aliyejulikana kama Abu Barza, aliyedai kwamba babu yake ndiye aliyetangulia katika elimu ya aljebra. Abu Kamil aliupinga udai huo kwa maandishi na kushikilia kuwa sifa ya kutangulia ni ya al-Khwarizmi. Angeweza kunyamaza na kuliacha jina la mtangulizi wake lififie ili lake ling'ae. Hakufanya hivyo.

Kitabu cha ndege

Katika masoko ya wakati huo palikuwa na fumbo lililozunguka kwa wakubwa na wadogo. Mtu hupewa dirhamu 100, akaambiwa anunue ndege 100 wa aina mbalimbali, kila aina kwa bei yake, na kila aina iwemo.

Fumbo hilo halikuanzia Misri. Nchini China, katika karne ya tano, Zhang Qiujian alikuwa ameandika swali la kuku 100 kwa sarafu 100: jogoo kwa sarafu tano, kuku jike kwa sarafu tatu, na vifaranga watatu kwa sarafu moja. Alitoa majibu yake matatu. Huko Ulaya, mwanachuoni Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804, anahusishwa na mkusanyiko wa mafumbo ya aina hiyo hiyo.

Kilichomuudhi Abu Kamil ni jinsi watu walivyoyajibu. Aliwaona wajuzi na wasiojua wakikurupuka na jibu moja, lililopatikana kwa kubahatisha, kisha wakaridhika. Hakuna aliyejiuliza kama kulikuwa na jibu jingine, wala aliyekuwa na njia ya kujua.

Ndipo alipotunga kitabu kifupi kuhusu mambo ya ajabu katika elimu ya hesabu, ambacho wengi hukiita Kitabu cha Ndege. Kina maswali sita tu, na yamepangwa kwa ustadi wa mwalimu. La kwanza lina jibu moja pekee. La pili lina majibu sita. Yanayofuata yanaongezeka hadi makumi na mamia, kisha linakuja lisilo na jibu lolote, na la mwisho linamwaga majibu kwa maelfu.

Katika swali la kwanza, bata mmoja ni dirhamu 5, kuku mmoja ni dirhamu 1, na shomoro 20 ni dirhamu 1. Ndege wawe 100 na dirhamu ziwe 100.

Njia ya kulifumbua ni kufikiria kwanza kwamba ndege wote ni kuku. Kuku 100 wangegharimu dirhamu 100, na hesabu ingetimia. Lakini bata na shomoro sharti wawemo. Kila kuku mmoja akibadilishwa na bata, gharama hupanda kwa dirhamu 4. Kila kuku mmoja akibadilishwa na shomoro, gharama hushuka kwa sehemu 19 kati ya 20 za dirhamu. Ili mizani isiyumbe, kupanda kuwe sawa na kushuka.

Kwa lugha ya leo, idadi ya bata ikizidishwa kwa 80 lazima iwe sawa na idadi ya shomoro ikizidishwa kwa 19. Kwa kuwa 80 na 19 hazina kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1, idadi ya shomoro sharti igawanyike kwa 80. Chini ya ndege 100, nambari ya namna hiyo ni 80 yenyewe tu. Basi shomoro ni 80, bata ni 19, na kuku ni mmoja. Dirhamu 4, jumlisha 95, jumlisha 1, ni 100.

Hapo hakuna kubahatisha. Msomaji halioni jibu tu, bali pia anaona kwa nini jibu la pili haliwezekani.

Turejee Chwele

Njia hiyo hiyo inamtosha mchuuzi wetu wa Kitale. Achukulie kwamba kuku wote 50 ni vifaranga. Atatumia Sh5,000 na kubakiwa na Sh15,000. Kila kifaranga mmoja akibadilishwa na jogoo, gharama huongezeka kwa Sh900. Akibadilishwa na tembe, huongezeka kwa Sh500. Nyongeza zote pamoja zifikie Sh15,000.

Tukiondoa mamia, tunapata mlinganyo mfupi: mara tisa ya idadi ya majogoo, ukijumlisha mara tano ya idadi ya tembe, ni 150.

Hapa aljebra ya kawaida hukwama, kwa kuwa mlinganyo ni mmoja na visivyojulikana ni viwili. Sharti la nambari kamili ndilo linalotia nguvu. Nambari 150 inagawanyika kwa tano. Mara tano ya tembe nayo inagawanyika kwa tano. Kwa hiyo mara tisa ya majogoo haina budi kugawanyika kwa tano pia, na kwa kuwa tisa yenyewe haigawanyiki kwa tano, idadi ya majogoo ndiyo inayobeba mzigo huo.

Majogoo basi ni 5, au 10, au 15. Wakiwa 20, mara tisa yao ni 180, ambayo imeshapita 150. Kwa majogoo 5 kuna tembe 21 na vifaranga 24. Kwa majogoo 10 kuna tembe 12 na vifaranga 28. Kwa majogoo 15 kuna tembe 3 na vifaranga 32. Kila kundi ni kuku 50, na kila kundi ni Sh20,000 kamili.

Majibu ni matatu, wala hakuna la nne. Mchuuzi ana uhuru wa kuchagua. Ikiwa wateja wake wanataka nyama ya sikukuu, atachukua majogoo 15. Ikiwa wanataka kuku wa kutaga, atachukua tembe 21. Hesabu humwonyesha milango iliyo wazi. Kuchagua wa kupitia ni juu yake.

Hebu sasa msomaji alifikirie swali hilo likiwa katika karatasi ya mtihani, na mwongozo wa kusahihisha ukiwa na jibu moja tu, la majogoo 10. Mwanafunzi aliyeandika 5 na mwenzake aliyeandika 15 watatiwa alama ya mkasi, ilhali wote wawili wamepata. Mtoto akidhulumiwa hivyo mara mbili tatu, huanza kuamini kwamba hisabati ni kubahatisha anachokitaka mwalimu. Imani hiyo huacha kovu lisilopona upesi.

Kuna pia upande wa pili. Tuseme kifaranga amepanda bei hadi Sh200, jogoo na tembe wakibaki na bei zao, na mchuuzi ana Sh19,900. Anaweza kuzunguka sokoni kuanzia asubuhi hadi jioni bila kufanikiwa kuzimaliza pesa hizo. Bei zote tatu zinagawanyika kwa 200, lakini 19,900 haigawanyiki. Hakuna mseto wowote wa kuku utakaoifikia. Kulijua hilo kabla ya kuondoka nyumbani ni faida.

Abu Kamil alilipa jambo hilo nafasi yake. Katika swali lake la tano, bata ni dirhamu 3, kuku watatu ni dirhamu 1 na shomoro 20 ni dirhamu 1. Anayelifuatilia atakuta kwamba shomoro wangehitajika angalau 160, nao ndege wote hawatakiwi kupita 100. Kwa hiyo jibu ni kwamba halina jibu. Kutamka hivyo kwa uthibitisho ni kujibu, si kushindwa.

Majibu 2,676

Swali la mwisho ndilo lililomtia majaribuni. Lina aina tano za ndege. Bata mmoja ni dirhamu 2, na kuku mmoja ni dirhamu 1. Kwa dirhamu moja mtu hupata njiwa wawili, au hua watatu, au ndege wadogo waimbao wanne. Ndege ni 100 na dirhamu ni 100.

Ukilikokotoa utaona kwamba hua sharti wanunuliwe watatu watatu, na wale ndege wadogo wawili wawili. Idadi ya jozi za hao wadogo na idadi ya njiwa lazima zote ziwe shufwa au zote ziwe witiri. Masharti hayo yakishatimizwa, uwanja unabaki kuwa mpana mno.

Abu Kamil aliyahesabu majibu moja baada ya jingine, kwa mpangilio, na akafikia 2,676. Yeye mwenyewe alistaajabu. Alipoisimulia habari hiyo, wasiomjua walimcheka na kumshuku. Ilikuwaje swali la kununua ndege sokoni liwe na majibu zaidi ya elfu mbili, ilhali kila mtu mjini analijibu kwa jibu moja?

Badala ya kugombana nao, aliketi akaandika. Kitabu cha Ndege kilizaliwa kutokana na dhihaka hiyo, ili njia iwe wazi kwa kila atakayetaka kuikagua hatua kwa hatua. Katika hisabati anayeshukiwa hana haja ya kuapa, maana anaweza kuonyesha.

Wataalamu wa karne za karibuni waliikagua. Walikuta kwamba majibu halisi ni 2,678. Mtu aliyefanya kazi bila alama za aljebra na bila mashine yoyote, akiandika kila hatua kwa maneno, alikosa mawili tu kati ya zaidi ya elfu mbili na mia sita. Waliomcheka walikuwa wamekosa 2,677.

Urithi wake

Vitabu vya Abu Kamil vilisafiri kuliko yeye. Wanahisabati wa Mashariki waliandika fafanuzi za aljebra yake, na al-Karaji, aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 11, alinufaika nayo. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alipoorodhesha waandishi wa aljebra alimtaja Abu Kamil mara tu baada ya al-Khwarizmi.

Upande wa Ulaya, mbebaji mkuu alikuwa Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kama Fibonacci. Baba yake alifanya kazi katika bandari ya Bejaia, iliyoko Algeria ya leo, na huko kijana huyo alijifunza hesabu kwa tarakimu zilizotoka India kupitia kwa Waarabu. Katika kitabu chake cha mwaka 1202, maswali mengi yana asili katika aljebra ya Abu Kamil. Hata ndege wamo: kwale, njiwa na shomoro, jumla 30 kwa sarafu 30.

Aljebra ya Abu Kamil ilitafsiriwa kwa Kilatini, na katika karne ya 15 Mordecai Finzi wa Mantua, Italia, akaitafsiri kwa Kiebrania. Kitabu cha Ndege kilisubiri zaidi. Msomi Heinrich Suter alikichapisha kwa Kijerumani mnamo 1910 na 1911, na ndipo walimwengu walipotambua kwamba Mwafrika huyo alikuwa ametangulia kwa karne nyingi katika kuyapanga maswali hayo kwa utaratibu.

Milinganyo inayodai majibu ya nambari kamili leo hupewa jina la Diophantus, mwanahisabati mwingine aliyeishi Misri, katika jiji la Alexandria, na ambaye huwekwa katika karne ya tatu. Hata hivyo, Diophantus aliridhika na majibu yenye sehemu, na mara nyingi alitosheka na jibu moja. Kwa kudai nambari kamili, na kwa kudai majibu yote, Abu Kamil yuko karibu zaidi na maana ambayo jina hilo linabeba sasa.

Uwanja huo haujaisha maajabu. Mnamo 1900, Mjerumani David Hilbert aliwauliza wanahisabati kama kuna njia moja inayoweza kutambua, kwa kila mlinganyo wa aina hiyo, iwapo una jibu la nambari kamili au la. Jawabu lilikamilishwa mwaka 1970 na kijana wa Kirusi, Yuri Matiyasevich, akiendeleza kazi ya Wamarekani Martin Davis, Hilary Putnam na Julia Robinson. Njia hiyo haipo, wala haitapatikana kamwe. Milinganyo mepesi, kama ule wa kuku wa Chwele, ina njia yake. Mingine itamdai mtu akili mpya kila mara.

Abu Kamil hakulijua hilo, lakini mwenendo wake ulilitangulia. Hakulidharau swali kwa sababu limetoka sokoni, wala hakulifunga kwa sababu amepata jibu la kwanza. Wahenga walionya kwamba haraka haina baraka, na hakuna mahali ambapo onyo hilo lina ushahidi bora kuliko katika hesabu za ndege 100 kwa dirhamu 100.

Kwa mwalimu, wosia wake ni kwamba kabla ya kumtia mtoto alama ya mkasi, aliangalie jibu la mtoto huyo kwa kulirudisha katika swali. Likitimiza masharti yote, ni jibu, hata kama mwongozo haukulitaja. Kwa mwanafunzi, wosia ni kwamba akishapata jibu aulize swali moja zaidi: je, limebaki jingine?